Moteri ya Shemeji Amuri, na Wale Walioendelea Kuimba

Ndugu yangu unayesoma, kaa karibu. Mimi si mutu wa kusema mbele ya watu. Lakini wewe nakuona kama yule rafiki ambaye unaingia naye mu jikoni, unamupa kigoda, unaendelea kuchambua muchele wako huku unamwambia ile ambayo haukusema kule mbele kwa wageni. Kuandika nilijifunza nikiwa nimekwisha kuwa mama, ku masomo ya magaribi ya parokia, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, ulinyooshe mwenyewe na uendelee. Mwezi uliopita tulimuzika shemeji yangu Amuri hapa Kasongo. Alikuwa bwana wa yaya yangu Feza, dada yangu mukubwa, na alikuwa mutu wa vyuma: moteri za mitumbwi, mashini za kusaga, pompi, kila kitu chenye kulia na kutoa moshi. Mu matanga wanaume walikaa inje chini ya bashi ya turubai, sisi wamama tulikuwa ndani juu ya mikeka, na ukuta ni mwembamba. Nikasikia mumoja anasema: "Mulikuwako siku Amuri alimupita Patro pale Mulango? Moteri ya vyuma vya takataka, ikamwacha mwenye moteri ya duka anakunywa mawimbi." Wakacheka, wengine wakaigiza sauti ya moteri na midomo yao. Riziki, binti ya Yaya Feza, ambaye nilimulea mimi tangu siku aliyozaliwa, alikuwa anapita kati yao na birika ya kahawa. Nikamusikia anacheka na yeye. Anasema: "Kumbe baba alikuwa mukali hivyo?" Wakamujibu: "Sana, mama. Sana." Na pale habari ikaishia. Hakuna aliyeendelea. Mimi nilikuwa na glasi ya kahawa ya tangawizi mu mukono, nikaishika mupaka ikapoa.

Ile mwaka wanayosema, nilikuwa musichana wa miaka ishirini hivi, nakaa kwa Yaya na bwana wake, ku kijiji kimoja cha kando ya Lualaba, chini ya Rive, bandari ya Kasongo. Vita vilikuwa vimeanza kupoa, lakini barabara ilikuwa imekufa, majani yamepanda mupaka kifuani. Mutu alikuwa anaenda Kasongo kwa mutumbwi, kupanda maji, siku nzima ya kupiga ngafi, yale makasia yetu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho nyumba zingine hazikuwa nacho: dirisha lenye kioo. Yaya Feza alikuwa anakipenda kile kioo. Asubuhi alikuwa anakifuta na upindo wa kikwembe chake cha kiunoni mbele hata ya kuwasha moto, halafu anakaa pale anaangalia mto. Nadhani alikuwa anapenda kuona maji bila maji kumuona. Mimba zake mbili za kwanza zote ziliishia mu mutumbwi, kabla ya kufika ku hopitali ya Kasongo. Mara ya pili munganga wa hopitali alimwambia mbele ya bwana wake: "Mama, tumbo yako haipigi hodi. Siku utaona damu, usingoje hata maji ya kuoga ichemuke. Uje." Amuri aliitika tu kwa kichwa. Waliporudi nyumbani Amuri alikula, akanawa, akatoka inje, akaanza kukusanya vyuma.

Lazima nikuelezee Mulango, sababu bila Mulango hautaelewa. Ni mahali kati ya kijiji chetu na Rive ambapo mawe yamebana mto kutoka pande zote mbili, na maji inapita pale kwa hasira. Mutumbwi wa ngafi ukifika pale, watu wote wanashuka, wanauvuta kwa kamba wakitembea juu ya mawe. Moteri ndogo inalia, inatoa moshi, inarudi nyuma. Kwa hiyo Amuri hakutafuta moteri ya kutembea tu. Alitafuta moteri ya nguvu, yenye kuweza kupanda Mulango mutu amelala ndani ya mutumbwi bila kuteremushwa. Moteri ya namna ile kwetu alikuwa nayo mutu mumoja, mufanyabiashara tuliyemwita Patro, aliyeileta mupya kutoka Kindu, na ilikuwa inazunguka na biashara yake, leo iko huku, kesho iko Kibombo. Amuri akaunda ya kwake. Mwili wa moteri alipewa na wavuvi. Ulikuwa umezama wakati wa vita, wavu ukaupandisha na matope na konokono ndani. Pistoni ilitoka ku pompi moja ya wachimbaji wa Lusangi. Karbirateri ilikuwa ya pikipiki ambayo mwenye kuipanda alikuwa amekufa. Kila kipande kilikuwa cha kitu kilichokufa, na watu wakaiita Moteri ya Marehemu. Mzee Kibwe, muvuvi wa jirani, alikuwa anapita kila siku na nyavu ku bega, anasimama, anatikisa kichwa. "Amuri, hiyo kitu siku itawaka, mimi nitaoa tena." Bibi yake alikuwa anamujibu kutoka mbali: "Iwake basi, nipumuzike."

Helisi ndiyo ilitukula sisi. Helisi ni ile chuma ya chini yenye mabawa, inayokata maji. Ile aliyopata ilikuwa na bawa moja zima, mengine yalikuwa yamevunjika juu ya mawe. Amuri akafinyanga umbo lake mu muchanga wa mto na udongo, akasema anahitaji aluminyumu ya kuyeyusha. Aluminyumu kwetu ni sufuria. Alianza na sufuria ya mama yake, Bibi Zaina, ile iliyotoboka. Halafu ya Yaya yenye mukono umekatika. Halafu ile ambayo haikuwa na kosa lolote. Tulibaki na sufuria moja. Tulikuwa tunapika sombe, majani ya muhogo, kwanza, tunaimwaga mu bakuli, tunaosha, tunapika bugali, na hapo sombe imekwisha kupoa. Yaya alikuwa anakata bonge, analigeuza mu vidole, anasema: "Leo tunakula na helisi, Anjela. Shukuru." Amuri alikuwa anainamisha kichwa na haya. Halafu siku moja nikarudi kutoka shambani nikakuta kioo hakiko ku dirisha. Amuri alikuwa amekiweka juu ya meza, amemwaga juu yake mafuta na muchanga laini kama unga, na anasugua pale kulasi, ile kifuniko ya juu ya moteri. Alikuwa anasema kioo ndicho kitu kimoja tu mu kijiji chote kilicho sawasawa kabisa. Kulasi ikipunguka, moto unabanwa zaidi ndani, moteri inakuwa na hasira. Akapanua pia na tupa yale matundu ya kutokea moshi, ili ipumue vizuri. Kutwa nzima tulikuwa tunasikia shii, shii, shii. Kioo kikafifia kikawa cheupe kama jicho la muzee. Yaya akaziba dirisha na katoni. Nikamuuliza kama haimuumi. Akashika tumbo, ilikuwa imeanza kuonekana, akasema: "Nitaona mto nikiwa juu yake."

Iliwaka asubuhi moja, tumbo ya Yaya imekwisha kuwa kubwa, ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba. Amuri alivuta kamba mara nyingi, akabadilisha buji, ile ya kutoa cheche, akavuta tena, na moteri ikakohoa maji na moshi wa buluu, halafu ikalia. Ndugu yangu, mimi nimezaa watoto, najua kilio cha kwanza kinavyofanya mwilini. Ilikuwa karibu na ile. Kuku walikimbia, watu wakatoka kila upande, na bibi ya Mzee Kibwe akamwambia bwana yake: "Baba, tafuta mahari." Amuri aliiacha ilie kidogo tu, halafu akaizima. Watu wakalalamika. Akawaelezea kwamba vyuma hivi havijuani bado, kila kimoja kimetoka kwake, lazima vizoeane. Hiyo kuzoeana inaitwa rodaji. Siku nyingi ya kutembea polepole, mutumbwi mutupu, mafuta mazito mingi mu esanse, ile petroli. "Ni kama muzazi," akasema. "Hatoki siku ya kwanza kubeba kuni." Wanaume waliitikia, lakini niliona macho yao. Walikuwa wamekwisha kuona siku ya kuarosa.

Kama wewe si wa kwetu, nikuambie. Mutu akipata kitu kipya, kinga, ndiyo baisikeli, redio, hata mabati ya nyumba, lazima akiarose: anaita watu, wanakunywa, wanakitumia kile kitu mbele ya wote, na wanakibariki na midomo yao. Asiyearosa anaitwa mutu wa roho ndogo, lakini hiyo si ndiyo ubaya wake. Ubaya ni kwamba kitu ambacho watu hawakukifurahia, watu watakisemea pembeni, na kikiharibika hakuna atakayeshangaa. Siku ya tatu ya rodaji Bibi Zaina alikuja. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo, nikasikia yote. Bibi Zaina akasema: "Mwanangu, watu wamekupa mwili wa moteri, wamekupa kuni za kuyeyushia. Sasa unaenda pole pole mbele ya macho yao kama unawaficha nini?" Amuri akajibu: "Mama, si kuficha. Ikipata moto sasa, itashikana ndani." "Nani alikuambia?" "Vyuma vyenyewe, mama." Bibi Zaina akacheka kidogo. "Vyuma vinasema na watu hawasemi?" Halafu nikasikia Yaya Feza, sauti yake ya chini, ile ya kumaliza maneno: "Wape tu, baba. Moteri inaweza kulala. Siku ya kuzaa nitahitaji mikono ya watu. Mutu aliyenyimwa furaha hakimbii ukimuita." Nikasikia Amuri anakuna unga wa chuma ku kucha zake. Hakuna mumoja kati yao aliyesema upumbavu. Hii ndiyo inanisumbua mupaka leo: ningekuwa nimeketi mule ndani, nisingejua nani wa kupinga.

Ilikuwa siku ya Mungu, baada ya misa. Sisi wakristu tulitoka kanisani tukashuka mutoni na nguo zetu za misa, na waislamu walikuwa wamekwisha kufika. Amuri alinunua sukre, zile soda za chupa, sababu yeye hakuwa mutu wa pombe. Lotoko, pombe kali ya kwetu, ilijileta yenyewe. Bibi Zaina akamwagia moteri sukre nyekundu, akasema dua, wote tukaitika amina, kila mutu kwa namna yake. Amuri alitaka kubeba watu wachache. Wakajaza mutumbwi. Kulikuwa na ngoma, mubuzi mumoja wa mutu, na sahani za chakula. Mimi na Yaya tulibaki ukingoni, yeye amekaa juu ya pipa lililogeuzwa, mimi naosha ile sufuria yetu moja. Na pale ndipo Patro alitokea, anapanda kuelekea Rive na moteri yake. Unajua vijana. Wakaanza kupiga mbao za mutumbwi: "Mufwate! Mufwate!" Nilimuona Amuri anaangalia moteri, anaangalia watu, halafu anaangalia ukingoni, kwetu. Yaya akamupungia mukono. Amuri akafikiri anamwambia endelea. Labda ndiyo. Sikumuuliza Yaya, na sasa nitamuulizia wapi.

Moteri ikapiga kelele ambayo sijaisikia tena ku mto ule. Mutumbwi ukainua pua. Walimufikia Patro pale chini ya Mulango, wakamupita ndani ya yale maji yenyewe, watu wazima wamejaa, mubuzi analia, na ukingo wote ukapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Wakaishia nyuma ya mawe, tukabaki tunasikiliza. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kama kisu juu ya sahani, na ikakatika. Yaya akasimama. Tukangoja. Tulichosikia baadaye ni nyimbo. Mutumbwi ulitokea kati ya mawe ukisukumwa na maji tu, umekaa upande, na watu walikuwa wangali wanaimba. Walifikiri Amuri ameizima ili wateremuke kwa raha. Wengine walikuwa wanapiga maji na sahani kama ngafi, wanacheka. Amuri peke yake alikuwa ameinama nyuma, mukono wake uko juu ya moteri, anaugusa na kuuondoa, anaugusa na kuuondoa, kama mutu anayepima homa ya mutoto.

Pistoni ilikuwa imeshikana. Kwa jua la siku iliyofuata aliifungua juu ya mukeka, na hakumulaumu mutu. Watu walikuja kuangalia, wakasema pole, Mzee Kibwe akaleta samaki. Amuri akasikia kwamba kule Wamaza iko mutu mwenye pompi ya namna ile ya Lusangi, imekufa lakini pistoni yake ni nzima. Akachukua kinga akaenda. Alimwambia Yaya: "Narudi mbele ya juma kuisha." Na Yaya akamwambia: "Leta na chumvi."

Damu ilianza alipokuwa njiani. Ilikuwa asubuhi, tunachambua muchele. Yaya aliangalia chini, akaniangalia mimi, akaweka ungo pembeni vizuri, bila kumwaga hata punje. Nikakimbia kuita, na hapo lazima niseme ukweli: Yaya alikuwa anajua watu wake. Hawakungoja. Walioingiza ngafi mutoni walikuwa walewale wa siku ya Mungu, na walipiga ngafi kama sijaona watu wanapiga. Patro alikuwa Kibombo. Bibi Zaina alikaa ku miguu ya Yaya anasoma Yasini, mimi nilishika kichwa chake juu ya mapaja yangu na rozari imefungwa ku mukono, nikimaliza naanza. Hatukuwa na kitu kingine cha kufanya. Unaona ukingo unapita, muti uleule unaukuta tena pembeni yako, unajua kwamba mutumbwi hauendi, na hauna kitu cha kusukuma. Mzee Kibwe alikuwa mbele, viganja vyake vimechanika, mupini wa ngafi umekuwa mwekundu, hakuimba.

Tulifika Mulango jua likiwa kichwani. Wanaume wakashuka na kamba. Maji ikaturudisha. Wakashika tena, ikaturudisha tena. Mutoto alizaliwa pale, ndani ya mutumbwi, kati ya mawe, na alilia mara moja, kwa nguvu. Bibi Zaina akamufunga mu kikwembe chake. Lakini damu ya Yaya haikusimama. Akafungua macho akaniuliza: "Tumepita Mulango?" Nikamwambia: "Bado, Yaya." Akasema: "Sawa." Kama vile mutu anayeambiwa chakula bado hakijaiva. Akafunga tena macho. Tulipopita Mulango hatukuwa na haraka tena, lakini wanaume waliendelea kuvuta, sababu hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kuachia kamba.

Amuri alirudi na chumvi, na pistoni imefungwa mu kitambaa safi. Alikuta mikeka imetandikwa inje. Baada ya arobaini aliiweka ile pistoni, akawasha, na akafanya rodaji. Peke yake, mutumbwi mutupu, polepole, kupanda na kushuka mbele ya kijiji, asubuhi mupaka alasiri, siku na siku. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya ile katoni ya dirisha, Riziki amelala kifuani mwangu, nasikia moteri inapita, inarudi, inapita. Hakuna aliyesimama ukingoni. Hakuna aliyesema juu ya kuarosa. Ile moteri ilitembea miaka, ilibeba wamama mingi mupaka hopitali, na ilikuwa inapita Mulango kama vile hakuna Mulango. Nilimuuliza Mungu sababu ya mupango wa namna ile. Sijapata jibu, na sijaacha kusali. Vyote viwili vinakaa ndani yangu kama watu wawili mu chumba kimoja, wamezoeana.

Riziki alijua kwamba mama yake alikufa kwa kumuzaa. Hakujua kwamba ilikuwa juma moja na ile siku wanayocheka. Baba yake hakumwambia, na mimi nilingoja baba yake. Matanga ilipokwisha, nikamuita mu jikoni, nikampa kigoda, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Hakulia. Akauliza kitu kimoja: "Mama mudogo, ile sauti ilipobadilika, wao mu mutumbwi hawakuisikia?" Nikamwambia walikuwa wanaimba. Akainamisha kichwa kama baba yake alivyokuwa anainamisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, nakuomba usikae na hii habari peke yako. Isomee watu wa mutoni, wasomee wenye kutengeneza moteri na wenye kuzingojea ukingoni na chupa mu mukono, msomee kila mwenye kitu kipya ambacho mutu fulani nyumbani kwake anakitegemea. Sikukatazi kucheka, walikuwa wazuri siku ile, na Amuri kweli alimupita Patro. Lakini usiishie pale ambapo wanaishia mu matanga. Wapeleke mbele kidogo, nyuma ya mawe, mupaka pale mutumbwi unarudi na maji tu, na Amuri ameweka mukono juu ya moteri, na watu wangali wanaimba.